Nani Aligeuza Farasi?

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la cherehani, likitazamana na geti la bustani ya watoto ng'ambo ya barabara. Mguu wake mmoja ni mfupi. Aliyelitengeneza ni seremala tunayemwita Nusu Inchi, na jina hilo hakuliokota njiani. Chini ya mguu ule kuna kadibodi iliyokunjwa mara nne, na mvua ikiilowesha tunakunja nyingine. Mwisho wa benchi Shangazi huweka jiko lake, birika na beseni la vikombe. Si shangazi wa yeyote kati yetu, ndiyo maana anatugombeza sote sawasawa. Hapo hukaa Nusu Inchi mwenyewe; Sindano, mwenye duka na mwenye ukuta; na Redio, kinyozi ambaye tangu tumjue hajawahi kuzimwa. Mimi natengeneza saa. Wananiita Robo Saa, kwa kuwa mteja akiniuliza kazi yake itakwisha lini, hilo ndilo jibu langu, leo na kesho. Katikati, mahali ambapo benchi halichezi, tunamwachia Breki.

Breki ndiye aliyeendesha Farasi kwa miaka thelathini na moja. Farasi ni ile mashine iliyo katikati ya bustani: farasi kumi na wawili wa mbao, kila mmoja kwenye nguzo yake, juu ya sakafu ya duara inayozunguka. Mtaa mzima ulipita kwenye migongo yao. Miezi saba iliyopita lori lilikuja likawabeba, na mahali pao pakafungwa farasi wapya wa plastiki, wanaong'aa kama sahani ambazo hazijawahi kupakuliwa chakula. Breki alistaafishwa siku hiyohiyo, na tangu hapo hajavuka barabara.

Ila leo alikuwa na ahadi. Mjukuu wake alikuwa anatimiza miaka sita, na alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kupanda Farasi na babu yake, saa kumi, akitoka shule. Breki alisema ndiyo kabla hajafikiri, maana babu ndivyo walivyo.

— Saa ngapi, Robo Saa? aliuliza.

— Tisa na dakika kumi.

— Hata ile mara nyingine ulisema tisa na dakika kumi.

— Kwa sababu ile mara nyingine ni sasa hivi.

Alikuwa ameshika kikombe muda wote bila kukipeleka mdomoni. Shangazi alimtazama, akakitazama kikombe.

— Kaka, hiyo kahawa unainywa au unaifuga?

— Inapoa.

— Ilishapoa. Sasa hivi inaota manyoya.

Redio aliyaona yote hayo, akajikohoza. Redio akijikohoza, kaa vizuri.

— Mimi ningekuwa wewe, mzee, nisingekwenda.

— Mtoto ameahidiwa, alisema Sindano.

— Sikatai. Lakini ile mashine ina kasoro. Ninyi hamjaiona? Mmekaa hapa miezi saba kama magunia. Haya, tazameni. Inazungukia wapi?

Tulitazama. Kati ya vyuma vya uzio watoto walikuwa wakipita, mmoja baada ya mwingine. Zamani mtoto aliyepanda Farasi alitokea kushoto kwetu, kwenye kibanda cha tiketi, akapita mbele yetu akipunga mkono, akapotelea kulia, kwenye choo cha bustani. Sasa walikuwa wanatokea chooni na kupotelea kwenye tiketi.

Sindano alisimama na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

— Kweli kabisa! Ndiyo maana nikikaa hapa shingo inaniuma! Nimebadilisha mito mitatu!

— Wameigeuza, alisema Redio. Bila kutuuliza. Shukrani ya punda ni mateke.

— Wale ni farasi.

— Mateke ni yaleyale.

Sindano hakukaa tena. Mtu wa cherehani akipata hoja hutembea nayo.

— Sikilizeni niwaambie hatari yake. Cherehani ina gurudumu, hapa mkono wa kulia. Unalivuta lije kwako. Siku ukilisukuma liende kule, uzi unajisokota kwa chini, ukifunua nguo unakuta kiota cha ndege. Sasa wale watoto ndio uzi.

— Watoto ni uzi? aliuliza Shangazi.

— Uzi. Na mtaa ndio nguo. Miaka yote tumeshonwa upande mmoja, mimi, wewe, wote. Leo wanazungusha kinyume. Mnadhani nini kitatokea?

— Tutafumuka, alisema Redio kwa sauti ya msiba.

— Tutafumuka! Mwaka jana nani alihama hapa? Hakuna. Mwaka huu? Muuza matofali kahama. Yule wa duka la dawa kahama.

— Wa duka la dawa amejenga, nilisema.

— Ndiyo kufumuka kwenyewe huko.

Shangazi alikuwa anakoroga makaa kwa kijiti. Si mtu wa kurukia maneno, lakini jambo la kukoroga lilimgusa kazini.

— Mimi sijui nyuzi, alisema. Ila sufuria naijua. Ukianza kukorogea kulia, korogea kulia mpaka mwisho. Ukibadili mkono katikati, unapata mabonge. Mama yangu alikuwa ananipiga mwiko kwa hilo. Kwa hiyo wale watoto wa miaka mitano, sita, walioanza kwa farasi wa zamani wakamalizia kwa wapya...

Hakumaliza. Sote tulimwona akilini mtoto mwenye mabonge.

— Fundi! Redio alimgeukia Nusu Inchi. Wewe umekuwa kimya. Seremala anasemaje?

Nusu Inchi alikuwa ameinama akirekebisha kadibodi chini ya mguu wa benchi, ingawa haikuwa imesogea.

— Mimi sina la kusema.

— Leo? Wewe uliyebishana siku tatu kuhusu msumari?

— Nimesema sina. Tuongee mengine. Mvua, kwa mfano.

— Mvua haijanyesha.

— Ndiyo tuongee kwa nini.

Redio hakumpa nafasi. Alinigeukia mimi, na nilijua kwa macho yake kwamba kubwa lilikuwa bado linakuja.

— Robo Saa, wewe ndiye mwenye kisomo cha mambo haya. Farasi wapya wanazunguka kama mishale ya saa, au kinyume chake?

Nilifikiri. Nilichora duara hewani kwa kidole.

— Kama saa.

— Na wa zamani?

— Kinyume cha saa.

Redio alishika kichwa kwa mikono miwili. Akanyamaza kwa muda wa pumzi tatu, kitu ambacho hatukuwahi kukiona, na Shangazi akamsogezea maji.

— Kumbe! alisema. Kumbe ndivyo! Mtaa huu watu walikuwa hawazeeki, na hatukujua sababu! Mtoto anapanda, anazungushwa kinyume cha saa, anapunguziwa. Sekunde hapa, sekunde pale. Hesabu mara zote ulizopanda utotoni. Tulikuwa tunawekewa akiba ya ujana, ndugu zangu! Sasa wamekuja na mashine inayokwenda na saa. Kila mzunguko, unaongezewa.

— Wewe hukuzeeka? aliuliza Shangazi. Kichwa chako kina mvi mpaka ndani ya masikio.

— Zimeanza kuonekana lini?

— Miezi saba.

— Umeona!

— Miezi saba tangu uache kupaka rangi.

— Na kwa nini niliacha? Nilikosa nguvu! Mkono haupandi! Fundi, goti lako limeanza kuuma lini?

— Goti langu liache, alisema Nusu Inchi.

— Sindano, tangu lini unamwita mkeo akutungie uzi kwenye sindano?

Sindano alikaa chini polepole. Na mimi, ambaye najua mshale wa saa ni kipande cha bati na haujui lolote, nilijikuta nahesabu. Ni kweli kwamba ile lenzi yangu ya jichoni niliibadilisha mwaka huu, nikachukua yenye nguvu zaidi.

— Sasa nasema hivi, aliendelea Redio, akimwekea Breki mkono begani. Mzee wetu, ukipanda ile leo, unaongezewa miaka. Na mtoto anaongezewa. Anaingia ana sita, anashuka ana saba na nusu, sare ya shule haimtoshi. Mwambie tu: babu hapandi kwa sababu za kiafya. Mnunulie baluni.

— Baluni zuri, alisema Sindano haraka.

— Lile refu, lenye masikio, alisema Shangazi.

— Samaki mkunje angali mbichi, alimalizia Redio.

— Hiyo inahusiana vipi?

— Na baluni. Linakunjwa.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunakifanya. Hakuna aliyekuwa anaamini neno. Sindano haamini kuwa watoto ni uzi, na Shangazi amewalea watoto wake pacha kwa akili timamu bila bonge hata moja. Tulikuwa tunamjengea Breki mlango wa nyuma, kila mtu na ubao wake, ili saa kumi ikifika apate pa kutokea. Na tulikuwa tumeujenga vizuri. Kilichobaki ni yeye kupita.

Breki aliweka kikombe chini.

— Ni mimi, alisema.

— Wewe nini, mzee?

— Niliyegeuza Farasi. Si hawa. Ni mimi.

Nusu Inchi aliinuka kutoka kwenye kadibodi.

— Breki. Tulikubaliana.

— Tulikubaliana miaka ishirini na nane iliyopita, fundi. Siri nayo inachoka.

Alijipangusa magoti kwa viganja. Breki ana bega la kushoto lililoshuka chini kuliko la kulia, na akitaka kusema jambo zito hulishika, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

— Farasi walipokuja hapa walikuwa wanazunguka kama hawa. Kama saa. Mwaka wangu wa tatu, mota ikachoka. Haikufa; ilichoka kuanza. Mota zile zina kikopo kidogo pembeni, ndicho kinachoipa nguvu ya kuondokea. Kikopo kikafa. Ukiwasha, mota inanguruma tu, haiendi. Ila ukiisukuma kidogo kwa mkono, inashika yenyewe. Na haina ubishi: ukiisukumia huku inashika huku, ukiisukumia kule inashika kule. Meneja akasema kikopo kingine kimeagizwa.

— Kikaja lini? aliuliza Sindano.

— Bado kinakuja.

Redio alicheka, halafu akajizuia.

— Sasa mimi ni mashoto. Na bega hili la kulia lilivunjika nikiwa mdogo, halikuungwa vizuri. Kusukuma kulekule mashine ilikozoea, sikuweza. Nikasukuma ninavyoweza, kwa hili la kushoto. Ikashika.

— Subiri, nilisema. Farasi walikuwa wametazama wapi?

Breki alinitazama kwa huruma.

— Wewe ndiye umeliona. Walikuwa wametazama kulekule kwa zamani. Wiki nzima walikwenda kinyumenyume. Mkia mbele.

Tulicheka sote, hata Shangazi, ambaye alilazimika kushika birika.

— Msicheke. Kuna mtoto alilia, akamwambia mama yake farasi wameona kitu wanarudi nyuma. Sikulala. Ningesema siwezi kusukuma upande unaotakiwa, wangetafuta anayeweza. Na mke wangu alikuwa na mimba ya binti yangu, huyu mama wa mjukuu. Nikaenda kwa fundi.

— Kwa woga wetu ulikuwa usiku wa manane, kwa saa ulikuwa mchana wa Jumapili, alisema Nusu Inchi, sasa akiwa hana la kuficha. Bustani imefungwa. Akasema, ndugu yangu, mimi siwezi kugeuza bega, basi tugeuze farasi. Farasi kumi na wawili! Nikafungua nati, nikageuza mmoja mmoja, nikakaza. Kumi na mmoja walikaa sawasawa.

— Na wa kumi na mbili?

Nusu Inchi alitazama mbali.

— Nusu inchi, alisema.

— Kipara! Sindano alipiga kelele. Farasi wangu! Kumbe ndiyo sababu alikuwa anatazama kando, upande wa choo! Miaka yote nilidhani ana haya!

— Nilikusudia kurudi kumrekebisha.

— Mimi nilimpenda kwa ile haya yake!

— Basi nishukuru.

Breki alingoja kelele zipungue.

— Kwa hiyo hawa wapya hawajageuza kitu. Wamerudisha. Kinyume kilikuwa cha kwetu. Miezi saba nawasikia mkiwasema, na mimi nimekaa katikati yenu kimya. Nilikuwa najua mnanitetea. Mtu akitetewa ni vigumu kusema ukweli.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Redio taratibu.

Sindano alimgeukia.

— Hiyo umeipatia.

— Nimeipatia?

— Leo mara ya kwanza.

Redio alionekana kuumia kuliko sote.

Shangazi alimimina kahawa ya moto juu ya ile iliyopoa ya Breki, akamrudishia kikombe mkononi.

— Kaka. Kama si upande wa kuzungukia, basi kinachokuzuia kuvuka ni nini?

Lori la mchanga lilipita barabarani. Breki alingoja vumbi lishuke.

— Mimi nilikuwa na mahali pangu pale, alisema. Kati ya nguzo ya breki na Farasi. Nasukuma, nasimama. Nasimamisha, nawashusha watoto, nawapandisha wengine, nasukuma. Sasa pale pangu wameweka chungu cha maua, nakiona kutoka hapa. Nikivuka na mjukuu wangu, nimpandishe, halafu mimi... nisimame wapi?

Tulikuwa tukisaka jibu msichana mmoja alipovuka barabara kutoka bustanini.

Ndiye anayeendesha Farasi wapya. Ana shati la rangi ya machungwa lenye mfuko mmoja, na funguo shingoni. Kijiweni tunamwita Kitufe, kwa kuwa kazi yake ni kubonyeza kitufe. Mwenyewe halijui jina hilo, maana tangu aje hatujawahi kumwita.

— Shikamooni.

— Marahaba, tulijibu, baadhi yetu tukitazama viatu.

— Shangazi, naomba kahawa. Nimesikia harufu yake miezi saba, nikawa naogopa kuvuka.

— Unaogopa nini?

— Mnavyotazama.

Shangazi alimpa kikombe. Sindano alisogea. Redio akasogea. Kitufe alikaa pale palipobaki, upande wa mguu mfupi, na benchi likamwinamia. Akashika ubao kwa mkono mmoja bila kumwaga hata tone. Nilimwona Nusu Inchi akimheshimu kidogo.

— Nina swali, alisema. Pale wanakuja watu wazima na watoto wao. Wanaingia, wanatazama farasi, wananiuliza: Kipara yuko wapi? Teke yuko wapi? Mimi siwajui. Na watoto nao wananiuliza hawa wapya wanaitwaje, nasema hawana majina, wananiona mjinga. Basi nikasema niwaulize ninyi. Ninyi mlikuwa mnapanda yupi?

Usimwulize mtu mzima swali kama hilo kama una haraka.

— Kipara! alisema Sindano. Masikio yalikuwa yameliwa yote mawili. Na ana haya; sababu yake niulize siku nyingine.

— Mimi Teke, alisema Redio. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umelegea, mkizunguka unampiga wa nyuma yake. Niliona ni kama namwendesha mimi. Nilipanda mpaka nikaota ndevu, wakanifukuza.

— Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, alisema Nusu Inchi. Nilipanda Bi Harusi, yule mweupe, siku niliyotaka kumwambia mke wangu jambo. Tulizunguka mara tisa sijalisema. Mara ya kumi akasema yeye.

— Mimi kile kiti cha wenye watoto wachanga, alisema Shangazi. Kilichochongwa kama bata. Pacha mmoja huku, mmoja huku. Ndipo mahali pekee walipokuwa wanalala wote wawili kwa pamoja. Nilikuwa nakaa mpaka bustani inafungwa, na hakuna aliyewahi kuniambia shuka, zamu yako imekwisha.

Alimtazama Breki aliposema hivyo. Breki alikuwa anatazama kikombe.

Mimi nilitaja Mbavu, aliyekuwa amebanduka rangi mpaka ubavuni pakaonekana mistari ya mbao. Sikueleza kwa nini. Nilikuwa mtoto mwembamba.

Kitufe aliyapokea majina yote akiyarudia kwa midomo, ili asiyapoteze. Halafu akainama kidogo kumwona Breki vizuri.

— Na wewe, babu? Wewe farasi wako alikuwa yupi?

Redio alifungua mdomo.

— Yeye alikuwa anapanda...

Akaufunga.

Sindano alianza kuhesabu kwenye vidole: Kipara, Teke, Bi Harusi, Mbavu, Chongo, Mwanasesere, alifika kwa yule wa kumi na mbili, vidole vikarudi mwanzo, akaviangalia tu. Nusu Inchi, aliyewahi kushika kila nati ya mashine ile, alitazama bega la kushoto la rafiki yake kama analiona leo. Ilikuwa haihitaji hesabu yoyote. Ili Farasi waende, alitakiwa awe chini akisukuma. Ili wasimame, alitakiwa awe chini kwenye breki. Miaka thelathini na moja alikuwa mita moja kutoka kwao.

Breki alikuwa wa kwanza kusema, akimgeukia Kitufe.

— Mama, ukibonyeza, inaondoka yenyewe?

— Yenyewe.

— Haihitaji mtu?

— Haihitaji mtu, babu. Sote tunaweza kuwa juu. Mimi jioni, watu wakiisha, huwa napanda.

Haihitaji mtu. Ndilo neno alilokaa nalo kwenye benchi hili miezi saba. Sasa aliligeuza mdomoni polepole, kama anayeonja chumvi, na nikaona uso wake ukifanya jambo ambalo sikuwahi kuuona ukifanya, hata siku zake za kazi. Ulikuwa unaona wivu.

— Babu!

Mjukuu wake alikuwa amesimama mbele yetu, sare ya shule, soksi moja juu na moja chini, mama yake nyuma yake akiwa ameshika mkoba wa pinki. Kwa saa yangu ilikuwa kumi kasoro dakika mbili.

— Babu, umenisahau?

— Nisahau nini? Nilikuwa nakungoja.

— Utanishika nisianguke?

— Nitapanda wa pembeni yako.

— Juu?

— Juu.

Mtoto alifikiri.

— Na nani atatusukuma? Mama alisema wewe ndiye unasukuma.

— Leo wamempa likizo, alisema Shangazi, na akainamisha birika juu ya kikombe kitupu ili tuone. Halikutoka tone.

— Kahawa imekwisha, alisema. Kijiwe kimefungwa. Inukeni.

Haijawahi kutokea Shangazi aache jiko lake. Siku hiyo aliliacha. Tulivuka wote, Kitufe mbele, mtoto akimvuta babu yake kwa ule mkono wa kushoto, na tukajipanga kwenye uzio kama nguo kwenye kamba.

Breki, aliyepandisha watoto wa mtaa mzima, hakujua aanze na mguu gani. Alizunguka farasi wa buluu mara moja, akamgusa shingo, akatazama chini mahali pa kukanyaga.

— Babu, wa kushoto, alisema mjukuu kutoka juu ya wake.

Akapanda kwa wa kushoto. Miguu yake ilikuwa mirefu kwa farasi yule, magoti yakamfika karibu na masikio. Redio alitaka kusema kitu. Sindano akamkanyaga.

Kitufe alikuwa na kidole juu ya kitufe, lakini hakukibonyeza. Alimtazama Breki. Watoto wote walitulia. Na bila kufikiri, kwa sauti ileile iliyotupandisha sisi sote, Breki akaita:

— Shika shingo!

Mikono yote midogo ikashika shingo. Kitufe akabonyeza.

Waliondoka. Hakuna aliyesukuma, lakini niliona bega la kushoto la Breki likijitupa mbele lenyewe, mara moja, kama kawaida yake. Kisha likatulia. Wakapita mbele ya maua, wakapita mbele ya kibanda cha tiketi, wakapotea nyuma ya nguzo ya katikati.

Tukainua mikono tumpungie akirudi. Nusu Inchi alivua kofia. Shangazi alishika kanga yake kwa meno na kuinua mikono yote miwili. Sote tuligeuza shingo kushoto, kwenye kibanda cha tiketi, kule ambako tangu zamani mtu wetu hutokea, tukangoja, tukangoja.

— Nyie! sauti ya Breki ilitupigia kelele kutoka kulia, nyuma ya visogo vyetu. Mnamngoja nani huko?